Nimerudi toka Nairobi na mzigo wa santuri, na nimesikia upande wa pili baada ya miaka 38

Sindano Butu (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam.

Mwaka jana tulikubaliana humu kwamba anayevuka mpaka akirudi anatoa ripoti. Yangu hii hapa. Ni ndefu, chukueni kahawa.

Nilikwenda Nairobi kufuata spea za gari, siku nne. Jumamosi nikaifanya ya kwangu. Duka silitaji, msije mkasema nimelipwa. Na kabla hamjauliza: siyo kile kibanda cha Kenyatta Market, katikati ya wachoma nyama na wasusi. Kile kinajulikana hadi Ulaya. Hili ni dogo, ghorofa ya kwanza huko nyuma ya River Road, unampita fundi saa, unampita fundi cherehani, unafuata sauti ya besi. Chumba cha watu kumi wakikunja magoti. Siku hiyo tulikuwa ishirini na watatu, nilihesabu.

Utaratibu wao ni huu: Jumamosi ya mwisho wa mwezi, kila anayekuja anabeba santuri moja. Unaiweka mezani, unaeleza uliipataje, inapigwa pande zote mbili, hakuna kukatiza. Simu zinalala kwenye kreti la mikate pale mlangoni. Chai ya tangawizi ipo, unalipa unachojisikia.

Mzigo mpya kwanza. Ukuta wa kushoto ni toleo jipya na matoleo ya zamani yaliyochapwa upya. Nimeiona *Siti of Unguja* ya Siti Muharam, ile ya 2020 iliyotolewa na lebo ya London. Huyu mama ni kitukuu wa Siti binti Saad, na ukimsikia huulizi tena. Nimekuta *Kenya Special* ya Soundway na *Urgent Jumping!* ya Sterns, zote mbili zimejaa nyimbo tulizozisikia redioni tukiwa watoto, sasa zimevishwa kava nene na kijitabu ndani. Halafu nikakuta singeli. Ndiyo, singeli kwenye santuri: *Sounds of Sisso*, 2017. Nilicheka peke yangu. Muziki umepikwa Mburahati, ukazunguka kwenye memori kadi na bodaboda, ukachukuliwa na Nyege Nyege Tapes ya Kampala, ukawa santuri, na mimi wa Temeke nimeukuta Nairobi na nimeulipia kwa shilingi za Kenya.

Ukuta wa kulia ni santuri ndogo, zile za mizunguko 45 kwa dakika, nyingi hazina kava, zimepangwa kwenye maboksi ya viatu. Huko ndiko nilikomalizia nauli.

Sasa jambo lenyewe. Marehemu baba alikuwa na santuri ndogo ya bendi moja ya huku kwetu. Wimbo siutaji mpaka nipate nakala yangu, nawajua nyie. Mnaelewa zile ndogo hazibebi zaidi ya dakika nne tano kwa kila upande, wakati wimbo wa dansi ukipigwa sawasawa ni dakika nane. Kwa hiyo walikuwa wanaupasua. Upande wa kwanza maneno: bwana analalamika, anabembeleza, na sauti inafifia hajamaliza. Unageuza, unakuta magitaa yameshachemka. Yaani chemko lote liko nyuma.

Mwaka 1986 nilikuwa na miaka sita. Baba yuko kazini bandarini. Nikaichukua ile sahani, nikachora basi upande wa pili kwa msumari. Magurudumu manne, dereva, na kondakta ananing'inia mlangoni. Nilichapwa, lakini fimbo nimezisahau. Nisichosahau ni kwamba baba hakuitupa. Aliendelea kuupiga upande wa kwanza miaka yote. Sauti ikififia anainua mkono wa pleya, anakaa kimya kidogo kama mtu aliye kituoni, halafu anaweka nyingine.

Jumamosi, mzee mmoja wa Eastleigh akatoa sahani kwenye bahasha ya kaki. Lebo niliijua kabla haijalazwa. Upande wa kwanza ukapigwa, sauti ikafifia, nikajikuta nimesimama niende kuinua mkono. Watu wakanitazama. Mzee akaigeuza.

Gitaa la kati linaanza peke yake, mizunguko miwili. Besi inaingia imechelewa kidogo, makusudi kabisa. Saksafoni mbili zinajibizana kama majirani wanaogombania ukuta. Halafu mwishoni, wakuu, yule mwimbaji anarudi! Miaka 38 nimemhurumia bwana yule, nyumba nzima tulijua mke hakumsamehe. Kumbe upande wa pili anasema hana shida tena, ameshaoa mwingine.

Nilimwomba mzee aniuzie. Akaniambia aliinunua kwa mshahara wake wa kwanza na atazikwa nayo.

---

Kaka wa Ilala

Uzi wa moto. Nimevuta kiti.

---

Dogo Spika

Mkuu heshima yako, lakini naomba kuuliza bila kukera. Si ungetafuta tu mtandaoni? Nyimbo zote za zilipendwa zipo. Kwa nini mtu alipe nauli ya basi kwenda kusikiliza kitu cha dakika nane?

---

Sindano Butu

Nimetafuta, dogo. Iliyopo mtandaoni ni upande wa kwanza. Inaonekana kila mtu ana mtoto mwenye msumari.

---

Fundi Kanda

Hahaha. Dogo Spika, kaa nikuelezee, kwa sababu swali lako lina jibu refu kuliko unavyodhani.

Kuna vitu viwili tofauti watu wanavichanganya. Bendi zetu zilirekodi RTD, yaani Radio Tanzania Dar es Salaam. Hiyo ilikuwa kanda ya redio, ya kurushwa hewani, haikuwa ya kuuzwa. Santuri ni habari nyingine. Huku hatukuwa na kiwanda cha kuzichapa, kiwanda kilikuwa Nairobi, na kampuni za kurekodi zilikuwa Nairobi. Bendi ikitaka santuri ilipanda basi. Mbaraka Mwinshehe, wa Morogoro, santuri zake zilitokea Nairobi. Wengine walikwenda wasirudi: ndugu wa Simba Wanyika walitoka Tanga, wakaingia Nairobi mwaka 1971, wakabaki hukohuko, na Les Wanyika wakazaliwa humo humo kwenye mgawanyiko. Ndiyo maana "Sina Makosa" ya Les Wanyika, Wakenya wanaihesabu yao na Watanzania wanaihesabu yao, na wote wana haki.

Kwa hiyo wimbo mmoja unaweza kuwa na maisha mawili. Ya RTD, uliorekodiwa siku moja Dar, na ya santuri, uliorekodiwa siku nyingine Nairobi, mwimbaji ana mafua, mpiga besi ni mwingine. Ukisikia kipindi cha zilipendwa redioni unasikia ya kwanza. Sindano Butu anatafuta ya pili. Siyo kitu kimoja.

Mimi nilikuwa nanakili kanda Kariakoo miaka ya themanini. Nakiri mbele yenu. Mtu analeta santuri, natoa kanda hamsini kabla ya adhuhuri. Tulijiona wajanja. Wachapaji wa santuri walipokufa njaa hatukuhusisha.

---

Shangazi wa Makadara

Fundi, umesema kweli lakini umeisahau Mombasa, kama kawaida ya watu wa bara. Si kila kitu Nairobi. Hapa kwetu Assanand walikuwa na lebo yao, Mzuri, na taarabu ya pwani ilitoka kwao. Kisha kanda zilipoingia, Mbwana Radio Service pale mjini ndiyo ilikuwa chuo. Wamwendea mwenyewe, wamwambia wataka harusi fulani, Zein, yule mpiga udi wa taarabu, alipiga usiku gani, yeye ashaelewa, akutolea kanda. Harusi! Si studio. Wasikia glasi, wasikia mtoto alia, wasikia mama ampigia mtu vigelegele. Hino ndiyo taarabu.

Na mfululizo wa *Zanzibara* ulipotoka Ufaransa, kuanzia 2005, mengi ya Mombasa yalirudi kusikika kwa usafi. Nashukuru. Lakini mimi mwenyewe nazipenda zile zenye glasi.

---

Mwana wa Eastlands

Hiyo duka naijua. Mwenyewe hakuuzii kama hujaketi. Unaeza ingia na pesa mkononi akuambie kuja kesho. Lakini ukikaa na chai mbili tatu, anatoa boksi ya chini ya meza.

Jumamosi nilikuwa huko, mimi ndio nilileta ile LP, santuri kubwa, ya benga imepindika kama sahani ya chapati. Jamaa aliyesimama katikati ya wimbo nilimwona, nikadhani anaumwa.

---

Sindano Butu

Kumbe ni wewe! Ile LP yako ilikuwa inapanda na kushuka, sindano ikapata kizunguzungu. Lakini ilipiga mpaka mwisho. Mwenye duka alibandika sarafu ya shilingi kumi juu ya kichwa cha mkono, nikasema hapa leo tutaona moto.

---

Fundi Kanda

Sarafu inaokoa jioni na kuua santuri. Uzito huo unachimba. Mwambieni anunue sindano mpya.

---

Msafiri wa Minnesota

Habari za huko, wapendwa. Nawasoma tangu asubuhi, huku theluji.

Niseme jambo ambalo pengine halitapendeza. Huku Marekani kuna siku ya maduka huru ya santuri, Jumamosi moja ya Aprili, walianza 2008. Watu wanapanga foleni alfajiri na viti vya kukunja, kama huko wanavyopanga foleni ya pasi ya kusafiria. Mwaka huu nami nilisimama. Ndani nikakuta boksi limeandikwa "Afrika", Afrika nzima boksi moja, na humo nikakuta ndogo ya bendi ya Western Jazz ya Dar, mtindo wa Saboso, imepauka, kona ya lebo imeng'oka. Dola sitini. Kijana wa dukani akaniambia aliinunua kwa mtu aliyezitoa Nairobi sanduku zima.

Nililipa. Nilitaka iwe kwa mtu anayeelewa maneno. Lakini usiku nilijiuliza, huyu aliyetoa sanduku zima aliwalipa shilingi ngapi waliokuwa nalo?

---

Kaka wa Ilala

Hapo ndipo ninapochukia. Hawa wakusanyaji wanakuja na glavu, wanakomba mitaa, halafu wanatuuzia hadithi yetu kwenye kijitabu cha kurasa ishirini. Mpiga solo mwenyewe anakaa chumba kimoja Buguruni hana hata nakala.

---

Shangazi wa Makadara

Mwanangu, pole pole. Na wewe siku hizo ulikuwa wapi? Santuri za mjomba wangu zilikuwa zafunikia mitungi. Wallahi. LP nzima juu ya mtungi wa maji, ndogo juu ya kopo la mchele. Alikuja kijana wa Kizungu akatoa pesa, mjomba akamshangaa kama amwona mwehu. Hakuibiwa. Hakujua tu kifuniko chake kina thamani.

---

Kaka wa Ilala

Shangazi, sijasema wameiba sahani. Sahani ni plastiki. Nasema haki ya wimbo. Sheria yetu ya hakimiliki ipo tangu 1999, ofisi ya hakimiliki, COSOTA, ipo. Lebo ikichapa upya, pesa ya mtunzi iende kwa mtunzi, au kwa watoto wake.

---

Fundi Kanda

Kaka una hoja, ila tatizo liko nyuma zaidi. Wengi walilipwa mara moja, mkononi, siku ya kurekodi, wakasaini karatasi wasiyoisoma. Karatasi ilibaki kwa kampuni. Kampuni ikauzwa, ikafa, makabati yakaenda na upepo. Leo mtu wa lebo mwenye nia njema akitaka kulipa, anauliza nani mwenye wimbo, wanatokea sita. Na wa saba ndiye aliyeutunga, amekaa kimya.

Nimewahi kukaa kikao cha namna hiyo, sitataja cha bendi gani. Mjane wa mpiga gitaa alikuja na suruali ya jukwaani ya marehemu kwenye mfuko wa plastiki, kama ushahidi. Hakuwa na kingine. Nusu ya waliokuwa mezani walicheka. Mimi sikucheka, kwa sababu suruali ile nilikuwa naikumbuka.

---

Dogo Spika

Daah.

---

Mpiga Kanuni

Naingilia toka Unguja, kwa jambo dogo tu lakini la msingi, maana naona Sindano Butu amebeba mzigo mchafu na atataka kuusafisha.

Msisafishe sahani za zamani kwa spiriti. Ndogo za 45 na LP ni plastiki, hizo maji safi, tone moja la sabuni ya vyombo, kitambaa laini, unafuata mzunguko wa mistari, lebo usiilowanishe, unaziacha zikauke zimesimama kwenye kichanio cha sahani. Basi. Lakini zile nzito za zamani za mizunguko 78, zinazovunjika kama kigae, siyo plastiki. Zimetengenezwa kwa gamu ya wadudu, na spiriti inaiyeyusha.

Nimejuaje? Bibi alinikabidhi moja. Mnajua Siti binti Saad na wenziwe walipanda meli kwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi, na sahani zile ziliporudi zilipigwa barazani mpaka mistari ikalainika. Ya bibi lebo ilikuwa imefutika, hatukuwa na hakika ni ya nani, yeye akishikilia ni Siti. Nikasema niitie nuru. Pamba, spiriti, nikapangusa. Pamba ikatoka nyeusi. Nikafurahi, nikadhani ni uchafu wa miaka. Nikapangusa tena. Nyeusi. Mara ya tatu nikatazama sahani, inang'aa kama kioo, haina mstari hata mmoja.

Pamba ile ninayo mpaka leo ndani ya kibweta.

---

Mwana wa Eastlands

Ghai.

---

Msafiri wa Minnesota

Sina la kusema. Pole sana, ndugu.

---

Mpiga Kanuni

Nimeshapoa. Bibi hakujua, Mungu amrehemu. Nilikuwa najifanya naipandisha juu ya gramafoni, kumbe naweka nyingine.

---

MamaTanga

Hamjambo humu. Mimi huwa nasoma tu, siandiki, lakini leo imebidi.

Sindano Butu kaka yangu, huyo mke mpya anayemtaja mwishoni ni mtu wa Pangani?

---

Sindano Butu

Dada. Sikuandika popote kwamba ni wa Pangani.

---

MamaTanga

Najua hukuandika.

Bibi mzaa mama alikuwa na baa Ngamiani, na humo kulikuwa na ile mashine ya muziki ya kutumbukiza sarafu. Ilipokufa, fundi alichukua injini, bibi akabaki na sahani. Ziko kama arobaini, tundu la katikati limetanuliwa kubwa, hazikai kwenye pleya ya kawaida mpaka ukate kipande cha ndala katikati.

Hiyo yako ipo. Nakumbuka kwa sababu ya Pangani, sisi watoto tulikuwa tunaimba hapo tu. Ila kuna kasoro. Upande wa kwanza umekwisha, umekuwa wa kijivu, unasikia kama mtu anakaanga dagaa. Upande wa pili ni mpya. Bibi alisema kila upande ulikuwa sarafu yake. Wanaume walitumbukiza moja, wanasikiliza maneno, sauti ikififia kila mtu anatazama mwenzake, nani atatoa ya pili. Ikipita dakika wanaagiza bia.

---

Fundi Kanda

Haya mambo ya baa nayajua na ni kweli tupu. Mimi mwenyewe nimewahi kutazama dari.

---

Kaka wa Ilala

Subirini. Yeye ana upande wa kwanza mzima na wa pili una basi. Huyu dada ana wa pili mzima na wa kwanza una dagaa.

---

Sindano Butu

Dada yangu, tafadhali soma namba iliyochongwa kwenye plastiki karibu na lebo, ile ya mkono, siyo ya chapa. Nataka kujua kama ni toleo lile lile.

---

MamaTanga

Nimeitoa. Taa ya simu inasaidia. Mwisho wa namba kuna herufi B, halafu alama kama ndoano.

---

Sindano Butu

Ya kwangu nayo ina ndoano.

Unauza? Taja bei, sibishani.

---

MamaTanga

Siuzi. Na wewe usiuze ya baba yako.

Njoo nayo. Tutapiga yako, kisha yangu. Ila pleya yetu haina sindano tangu mwaka jana, uje na yako.

---

Dogo Spika

Mkuu, samahani kwa lile swali la mwanzo. Kama unakwenda Tanga na gari lako, naomba siti. Spika ninazo.

---

Mpiga Kanuni

Chukueni na ndala ya zamani, ya kukata.

---

Sindano Butu

Jumamosi hii. Natoka Temeke saa kumi na moja alfajiri. Sindano ninazo mbili, moja nimeifungua leo, nyingine bado iko kwenye boksi lake.